Vitabu Saba vya Bi Mize

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, ila leo msisubiri kicheko. Hii inauma.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mila zao kama watu, alikuwako Nungu aitwaye Bi Mize. Alifiwa na mumewe. Marehemu hakuacha shamba wala mifugo. Aliacha vitabu saba alivyoviandika kwa mkono wake, na juu ya kila kimoja: "Cha Mize." Maneno yote aliyoona haya kumwambia akiwa hai, aliyaweka humo.

Na mila ya huko ilikuwa hivi: ikifika siku ya kutimia mwaka tangu kifo, vitu vya marehemu hutiwa katika kibanda cha makuti vikachomwa, ili apumzike. Bi Mize akaweka nadhiri kuvisoma vyote saba kabla ya siku hiyo.

Kusoma kwenyewe alikuwa akiokoteza herufi. Ukurasa wa kwanza ulimchukua wiki nzima. Mumewe aliandika: "Siku ile kwenye mihogo nilitaka kukusalimu, nikakimbia." Bi Mize akacheka, akalia, akaurudia. Miezi mitatu ikaisha hajafika ukurasa wa tano. Alipopiga hesabu, akaingiwa na hofu.

Tangu hapo akasoma mbio. Chaka, chaka, chaka, kurasa zikapita. Jirani yake Kware akaja kumjulia hali, akauliza, "Shoga, mumeo anasemaje?"

"Nitajua nikimaliza."

Kitabu cha tatu. Chaka, chaka, chaka. Kware akauliza tena.

"Nitajua nikimaliza."

Kitabu cha sita. Chaka, chaka, chaka. Macho yamevimba, chakula kimelala chunguni. Kware akauliza, akajibiwa yale yale, akaenda zake bila kuaga. Ile methali ya haraka mnaijua, siwatwangi nayo.

Siku ya mwaka, jua likiwa utosini, Bi Mize akafunga kitabu cha saba. Wazee wakavibeba vyote, wakavitia kibandani, wakawasha. Makuti makavu hayachelewi.

Moshi ukiwa bado unapanda, Kware akamshika mkono. "Haya, shoga. Mumeo alisemaje?"

Bi Mize akafungua kinywa. Akakitafuta kitabu cha pili moyoni, hamna. Akakitafuta cha nne, hamna. Akakitafuta cha saba, alichokifunga sasa hivi, hamna.

"Alikimbia," akasema. "Kwenye mihogo." Akautazama moshi. "Vilikuwa saba, shoga. Vyote saba nimevimaliza."

Kisha akajitupa kwenye majivu ya moto, akafukua mpaka makucha yakaungua. Hakupata hata herufi moja.

Mpaka leo Nungu akipita, miiba yake hulia chaka, chaka, chaka. Watu husema anamtisha simba. Maskini, hamtishi mtu. Anatafuta ukurasa.

Na hadithi yangu imekomea hapo, kwenye majivu.