Kampuni ya Pimbi na Foleni ya Vichuguu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na nyumba, majiko na taa kama sisi, palikuwa na nchi kavu yenye bwawa moja tu. Bwawa hilo liliitwa Chepechepe. Juu yake lilisimama jabali jeusi, na katika ufa mmoja wa jabali hilo mafuta yalikuwa yakichuruzika polepole. To. Halafu unasubiri. To.

Tembo alipoyaona matone yale, alipata wazo. Miti ya karibu alikuwa ameshaila yote, kuni zikawa shida, na mkewe alikuwa amechoka kupika chakula nusu kibichi.

"Mafuta yamefungiwa ndani ya mwamba," aliwaambia wanawe. "Tukiupasua, yatamwagika. Kila nyumba itanunua kwetu ya kuwashia jiko."

Basi wakaanzisha kampuni. Walitoboa shimo kwa pembe zao, wakaanza kulijaza maji kwa nguvu ili mwamba upasuke. Mkonga bwawani, fyoooz. Mkonga shimoni, fwaaa. Asubuhi fyoooz, jioni fwaaa. Mwamba haukupasuka, lakini bwawa lilianza kuonyesha mbavu zake za tope.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye shida yenyewe. Ndani ya bwawa lile Bi Chura alikuwa amezaa. Watoto wake walikuwa bado viluwiluwi, vichwa na mikia tu, bila mguu hata mmoja. Kiluwiluwi asiye na miguu hawezi kuhama. Maji yakiisha, naye ameisha.

Bi Chura akapanda juu ya jiwe, akamngoja Tembo.

"Bwana Tembo, shikamoo."

"Marahaba. Sogea kidogo, nitakukanyaga."

"Naomba uwasubiri wanangu waote miguu. Wakishaota miguu, hata bwawa ukilinywa lote sitakusumbua."

Tembo akacheka mpaka masikio yakapiga makofi. "Bi Chura, hii ni kampuni. Kampuni haisubiri miguu ya mtu."

Fyoooz, akaondoka na maji yake.

Jirani wa Bi Chura alikuwa Pimbi. Mnamjua Pimbi? Ni mnyama mdogo kama sungura aliyekatwa masikio, na anaishi katika nyufa za mawe. Wazee wake walimwambia kwamba ukoo wao na ukoo wa Tembo ni mmoja, kwa hiyo kila alipokutana na Tembo alimwita binamu. Tembo hakupenda hata kidogo.

"Usilie, jirani," Pimbi alimwambia Bi Chura. "Ngoja nikaongee na binamu."

Akaenda mpaka kwenye shimo. Kifaru naye alikuwa hapo, anatazama kazi, ingawa kutazama kwa Kifaru si kutazama sana. Macho yake yalikuwa mabovu. Mtu akiwa hatua chache mbele yake, alimwona kama moshi.

"Binamu," Pimbi akaanza, "mimi najua njia ya kupasua mwamba bila tone la maji."

"Usiniite binamu mbele za watu."

"Sawa, binamu. Umeshaona kibuyu cha togwa kilichozibwa sana kikasahaulika juani? Kizibo hufanyaje?"

"Huruka," akasema Kifaru. "Paa. Kiliwahi kunipiga puani."

"Ndiyo. Ile ni hewa ya chachu inatafuta njia. Ufa wa nyumba yangu unashuka mpaka tumboni mwa jabali. Tuujaze matunda yaliyoiva, tuzibe kwa udongo na jiwe, tuache yachachuke. Hewa itausukuma mwamba mpaka upasuke, na maji tunayaacha bwawani. Njooni muwe na hisa katika kampuni yangu."

Tembo akamtazama kutoka juu mpaka chini, safari ambayo haikuchukua muda. "Kampuni yako ina nani mwingine?"

"Mimi."

"Na ofisi iko wapi?"

"Kwenye ufa."

Tembo na Kifaru wakacheka wakashikana mabega. Kifaru akasema, "Mdogo wangu, kampuni yenye mtu mmoja aliyelala kwenye ufa, hiyo si kampuni, hiyo ni mjusi."

Pimbi akarudi nyumbani. Bi Chura alipomwona tu akajua.

"Wamekataa?"

"Hawakuuliza hata kama itafanya kazi," akasema Pimbi. "Wameuliza kuna nani mwingine. Basi nitawapa hao wengine."

"Utawatoa wapi?"

Pimbi alikuwa anatazama mbele ya mlango wake. Huko, kwenye njia nyembamba iliyopita kati ya mawe mawili na kukata kona, mchwa walikuwa wamejenga vichuguu. Vilisimama kimoja nyuma ya kingine, virefu na vifupi, vinene na vyembamba.

Siku iliyofuata Pimbi alizungushia nyumba yake ua wa miiba. Akaweka mlango wa matete mbele na mwingine nyuma, akaifunga. Kisha akakaa nyuma ya mlango wa mbele akatega sikio. Aliposikia du, du, du za Kifaru akielekea malishoni, akaanza kupaza sauti.

"Nimesema zimejaa. Hisa zimejaa. Bwana Nyati, usisukume. Chui, rudi nyuma ya mwenzako, hapa hakuna mkubwa."

Du, du, zikasimama.

Kifaru akaingia kwenye njia nyembamba. Akakodoa macho. Akaona vivuli vimesimama kimya mbele yake, kimoja nyuma ya kingine.

"Hodi jamani," akamwambia kichuguu cha mwisho. "Hii ndiyo foleni?"

Kichuguu kikanyamaza.

"Mmefika tangu lini?"

Kimya.

"Hataki kusema asije akanipa siri," Kifaru akawaza. "Matajiri ndivyo walivyo." Akajipanga nyuma ya kichuguu, akatulia.

Haukupita muda, Tembo akapita huku akitafuta mtu wa kumsaidia kubeba maji. Akaona makalio ya Kifaru yameziba kona yote.

"Kifaru, unafanya nini hapo?"

"Shhh. Niko kwenye foleni ya hisa."

"Hisa za nani?"

"Za Pimbi."

"Za yule mjusi?"

"Wewe ongea hivyo hivyo. Mbele yangu kuna Nyati, kuna Chui, na wengine siwajui, wanene wanene. Hawaongei, hawachoki, wala hawatoki kwenda kunywa maji. Umeshaona mtu anasimama hivyo kwa kitu cha bure?"

Tembo akainua shingo lakini kona ilimzuia, na Kifaru hakumpisha hata kidogo. Moyo wake ukaanza kumwasha. Nyati? Nyati aliyekuwa akimcheka kwa kuwa na shimo lisilotoa mafuta, leo ndiye apate?

Akazunguka jabali haraka mpaka nyuma ya ua, akagonga.

"Pimbi. Ee, Pimbi."

"Zimejaa."

"Ni mimi. Ni binamu yako."

Pimbi akafungua mlango wa nyuma kidogo, pua tu ikaonekana. "Binamu? Mbona leo umelikumbuka jina hilo?"

"Damu ni damu bwana. Nitafutie nafasi."

"Sikiliza, nisije nikakudanganya. Sikuahidi kitu. Sijui kama chini kuna mafuta mengi au machache. Kitakachotoka tutagawana, hata kama ni kidogo."

Tembo akatabasamu. Mtu anayeficha utajiri, akawaza, ndivyo anavyosema. "Nimekubali. Hisa yangu iwe nini?"

"Matunda ya mng'ongo, yale ya njano yaliyoanguka yenyewe. Miti iko mbali, ng'ambo ya mbuga. Itabidi uache kazi ya maji, uende na wanao wote."

"Nimeiacha."

"Na ukija, upite mlango wa nyuma. Wa mbele ni wa watu wa foleni."

Tembo alivimba kwa fahari. Mlango wa nyuma, yeye peke yake.

Baadaye Pimbi akatoka mbele, akamshika Kifaru pembe. "Mzee wangu, ruka foleni uingie. Wewe nina kazi yako."

"Na hawa walio mbele yangu?"

"Hawatanuna."

Kifaru akapita akiomba radhi kila kichuguu. "Samahani. Samahani bwana. Nimeitwa." Ndani, Pimbi akamwonyesha jiwe bapa. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya jiwe hilo, hewa isitoke. Hisa ya Kifaru ilikuwa uzito wake.

Basi Tembo na wanawe wakabeba matunda. Ufa ukajaa, ukazibwa kwa udongo, jiwe likawekwa, Kifaru akakaa. Ndani ya jabali kukaanza kusikika sauti kama ya mtu aliyekula maharage. Bwk. Bwk. Bwk.

Na bwawani je? Maji yalitulia. Bi Chura alikuwa akihesabu miguu. "Ya nyuma imetoka," alimnong'oneza Pimbi jioni. "Ya mbele bado."

Tembo naye alianza kuchoka kungoja. "Pimbi, mwamba haujapasuka. Mimi narudi kwenye maji yangu."

Pimbi akapiga miayo kama mtu asiyejali. "Nenda tu, binamu. Sikuzuii. Nikawaambie wa nje kwamba nafasi moja imepatikana?"

Tembo akakaa chini. "Nani kasema naondoka? Nilikuwa nanyoosha miguu."

Siku nyingine akasimama tena. "Hii harufu ya uchachu imeingia mpaka kwenye blanketi zangu. Mke wangu ananifukuza."

"Pole sana. Nimwite Nyati?"

Tembo akakaa.

Kifaru peke yake hakulalamika. "Makalio yana moto kidogo," alisema, "ila wenzetu wa nje wamesimama muda wote huu. Mimi angalau nimekaa."

Mwishowe, asubuhi moja, Bi Chura alikuja akirukaruka, nyuma yake kundi la vyura wadogo kama punje za kunde. Kila mmoja alikuwa na miguu minne. Walipanda jabali tip, tip, tip, wakamzunguka Pimbi.

"Jirani," Bi Chura akasema. "Wamekamilika."

Pimbi akafungua mdomo ajibu. Hakuwahi.

BUUUM.

Jabali likapasuka kutoka juu mpaka chini. Jiwe bapa likaruka, na Kifaru juu yake, miguu minne hewani kama meza iliyogeuzwa. Povu la njano likawafunika wote. Ua wa miiba ukalala. Wana wa Tembo wakakimbia mpaka ng'ambo ya mbuga bila kuulizana.

Vumbi lilipotulia, Tembo alipangusa macho, akachungulia ndani ya jabali lililofunguka. Mwamba ulikuwa umepasuka kwelikweli, bila tone la maji. Akaangalia chini. Akaangalia pembeni. Chini kabisa, kwenye kishimo, palikuwa na mafuta yanayotosha kujaza kibuyu kimoja kidogo. Kwingine kote kulikuwa kukavu kama kisogo cha mjusi.

"Basi?" akauliza. "Ni haya tu?"

"Ni haya tu," akasema Pimbi. "Nusu yako, nusu ya mzee Kifaru. Mimi nimepata nyumba yenye madirisha."

"Mjinga wewe. Na wale wengine wote, Nyati, Chui, wale wanene, utawaambia nini? Kifaru yuko wapi?"

Wakasikia sauti upande wa mbele. Tembo akazunguka kona ambayo hakuwahi kuizunguka. Akamkuta Kifaru amekaa katikati ya vichuguu, amevunja viwili, povu limemjaa masikioni. Alikuwa anavipangusa vumbi kwa upole.

"Poleni wenzangu," Kifaru alikuwa akisema. "Samahani sana, nimewaangukia. Kampuni imetoa kidogo. Ila ninyi mna bahati, hamkuwahi kuingia."

Tembo akasimama. Akatazama kichuguu cha kwanza, akatazama cha pili, akatazama foleni nzima mpaka mwisho. Mchwa mmoja alitoka kwenye kichuguu kilichovunjika, akamtazama naye.

"Kifaru," Tembo akasema polepole. "Hao ndio Nyati na Chui?"

"Ndiyo. Hawapendi kuongea."

Tembo akaunguruma, akageuka kumkamata Pimbi. Lakini Pimbi alikuwa ameshaingia kwenye ufa mpya, na jabali sasa lilikuwa na nyufa nyingi kuliko meno ya kitana.

"Binamu, usikasirike," sauti ikatoka ndani. "Nilikuambia sijui kama ni mengi. Wewe hukuuliza chini kuna nini. Uliuliza tu nani yuko nje."

Maji ya Tembo hayakuwa na kazi tena, maana jabali lilikuwa wazi na kila mtu aliona halina kitu. Akachukua nusu kibuyu chake. Usiku huo mkewe alipika wali ukaiva vizuri, mara moja hiyo tu, akamsifu, naye Tembo hakumwambia mafuta yale yalimgharimu nini.

Bi Chura na wanawe waliimba bwawani mpaka mvua zikaja. Na Kifaru, hata leo ukimkuta amesimama peke yake karibu na kichuguu, usimshangae. Anakisalimia.

Nami nawaacha hapa na neno moja tu: ukiona watu wamejipanga mlangoni, kabla hujasimama nyuma yao, uliza ndani kuna nini.