Dole Gumba la Bibi Nabintu

Hapo zamani, si zamani za wafalme bali zile ambazo wengi wenu mnazikumbuka, palikuwa na mji wa mpakani. Upande huu serikali iliandika kwa Kifaransa, upande ule kwa Kiingereza. Sokoni watu wote waliongea Kiswahili, lakini Kiswahili hakikumvusha mtu mlango wa ofisi.

Bibi Nabintu, muuza mihogo, alikuwa na mwana aitwaye Murhula. Mtoto alianzia shule ng'ambo, upande wa Kiingereza. Waliporudi nyumbani akakataliwa kwa kukosa Kifaransa. Walipovuka tena akakataliwa, kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa kimeshapotea. Murhula akaishia kubeba magunia.

Basi Bibi akawaendea walimu wawili waliokosa kazi, Bahizire wa Kifaransa na Ruhwanya wa Kiingereza.

"Nina nyumba ya vyumba vinne," akawaambia. "Mimi nitalala jikoni. Fundisheni lugha zote mbili, na mtoto yeyote asirudishwe mlangoni."

Walianza na watoto saba mkekani, asubuhi Kifaransa, mchana Kiingereza. Walipofika ishirini, wazazi walibeba mawe kutoka mtoni wakajenga darasa. Walipofika themanini, wazazi wakabeba tena. Walipofika mia tatu, hakuna mzazi aliyeitwa kubeba kitu. Mawe yalikuja na lori, na lango likaja na bawabu.

Ndipo wazazi wapya, watu wa ofisini, wakasema, "Watoto wetu wanacheleweshwa na watoto wasio na wa kuwasaidia nyumbani. Rekebisheni, au tunawahamisha."

Bahizire akaandika sheria: kabla mtoto hajapokelewa, mzazi au mlezi wake atahojiwa kwa lugha zote mbili. Ruhwanya akaisoma, akanyamaza. Bibi, kama mwenye kiwanja, akaletewa karatasi aikubali, naye hakujua kusoma.

"Inasema nini, mwanangu?"

"Inasema shule ikue, Bibi," Bahizire akajibu.

Angeweza kuuliza tena. Lakini wakubwa walikuwa wameketi pale wakimtazama, akaona haya. Akapiga dole gumba.

Miaka miwili baadaye Murhula alikufa, akaacha binti wa miaka sita, Nzigire. Bibi akamwosha, akampaka mafuta, akampeleka shuleni kuandikishwa. Kwenye meza iliyowekwa mlangoni waliketi walimu wale wale wawili. Bahizire akamsalimia kwa Kifaransa, kama alivyowasalimia wote.

"Acha mzaha, Bahizire," Bibi akasema. "Uji wangu umeunywa miaka mitatu, hata siku moja hukunisalimia hivyo."

Ruhwanya akainamia kalamu yake. Bahizire akafunga daftari. "Samahani, Bibi. Wewe huhojiwi. Mtoto ataingia."

Kwenye ngazi, karibu na meza, aliketi Asukulu, mchukuzi aliyebeba mawe pamoja na wazazi wale wa kwanza, na mwanawe. Mtoto alikuwa ameshinda mtihani wa kuingia, baba akashindwa mahojiano. Asukulu akacheka, kicheko kisicho na furaha.

"Ingia, Mama. Mawe nilibeba mimi, dole ulipiga wewe."

"Dole gani?"

Ndipo Ruhwanya alipomsomea sheria ile kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Ifuteni."

"Nikiifuta," Bahizire akasema, "kesho nusu ya watoto wanaondoka, na walimu kumi na mmoja wanakosa kazi. Tutarudi mkekani. Bibi, mimi sikumchukia mtu. Nilitaka ulichokijenga kisife."

"Nami nilijua," Ruhwanya akasema. "Nikajiambia nikibaki ndani nitawasaidia wengi. Ningeondoka, angekuja mwingine asiyejali."

"Nami niliwaamini," Bibi akasema. "Mnataka niwe na hatia ya kuamini?"

"Na mwanangu?" Asukulu akauliza.

Kisha Asukulu akamgeukia Bibi. "Usiponichukia nitasema kweli. Ningekuwa wewe, ningeingia. Mjukuu wako akibaki nje, mwanangu hatapata nafasi kwa hilo. Watakuwa wajinga wawili badala ya mmoja. Lakini ukiingia, usiniambie tena kuwa shule hii ni yetu."

Kengele ikalia. Nzigire akauvuta mkono wa bibi yake kuelekea ndani. Mkono haukuachia, wala haukufuata.

Nimeisimulia hadithi hii katika miji mingi. Wapo wanaomlaani Bahizire kabla sijamaliza. Kisha naona baadhi yao wanao watoto katika shule za namna hiyo. Mimi sina jiwe la kumrushia mtu. Ninawauliza tu, ninyi mlioketi hapa: kati ya waliodai, aliyeandika, aliyenyamaza na aliyepiga dole bila kuuliza mara ya pili, nani hasa aliyemfungia mwana wa Asukulu nje? Na wewe, kama mkono ule ungekuwa wako, ungemwingiza Nzigire?