Muhanga Auza Kazi ya Kuchimba Mashimo

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawaa!

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wakijengeana nyumba, palikuwa na Muhanga, fundi wa kuchimba mashimo. Nyika nzima ilimwita yeye. Akifika kiwanjani husema, "Geukeni!" Wote humpa kisogo, mwenye nyumba na hata Nguchiro wawili, vibarua wake. Muhanga hunusa udongo, fu, fu, fu, akajua pasipoingia maji ya masika. Kisha chaku, chaku, chaku! Shimo tayari.

Lakini kucha zake zilikuwa zimekwisha. Binti yake aliolewa ng'ambo ya kilima, ana watoto watatu ambao babu hajawatia machoni. Bi Nungunungu, jirani yake, alikuwa na kichuguu huko huko kimejaa mchwa, na yeye mchwa hali. Muhanga akamwendea.

"Nipe kichuguu chako, nikupe kazi yangu."

"Ukiondoka, nani atanusa?"

Muhanga akazitazama kucha zake.

"Mzee, hebu kaa ndani siku saba, tuone ninanunua nini."

Akakaa. Siku ya kwanza Ngiri akaja, hakumkuta fundi, akarudi. Ya pili Mbweha akaja, akarudi. Kuanzia ya tatu hakuja mtu. Nguchiro wakalala juani, miguu juu.

"Umeona?" Bi Nungunungu akasema. "Unauza jina, na jina utaondoka nalo."

Neno lile lilimuuma Muhanga, likamfikirisha pia. Asubuhi akafika kiwanjani, Nguchiro wakageuka kama kawaida.

"Msigeuke. Njooni mnuse. Huu unanukaje?"

"Unanuka udongo tu, mzee."

Akawafundisha kiangazi kizima. Udongo wenye harufu ya chura hutuamisha maji. Wenye harufu ya mizizi mikavu ndio ufaao. Wakakosea, wakafukia, wakachimba tena. Mvua za masika zikaja, mashimo ya Nguchiro hayakuingia hata tone. Wivu ukamkaba mzee, siwafichi. Siku ile alikula kidogo.

Akakaa ndani tena siku saba. Ya nane uvumilivu ukamshinda, akaenda kuchungulia. Chaku, chaku! Kazi imepamba moto, wateja wamepanga foleni. Akapenya mbele. Kicheche mmoja, mgeni wa nyika ile, akamshika mkia.

"Mzee wangu, foleni inaanzia kule nyuma. Mafundi watakufikia."

Muhanga akasimama, masikio yamelala. Mgeni huyu hamjui! Alitaka kujitaja. Kisha kicheko kikamtoka, akacheka mpaka machozi.

Bi Nungunungu alikuwa kando, anatazama. "Sasa nanunua," akasema. "Kichuguu ni chako. Nenda kawaone wajukuu."

Muhanga akaipita foleni yote hadi mwisho, akashika njia ya kilima.

Basi wenzangu, kazi isiyosimama bila wewe haiuziki. Ukitaka kuondoka na kitu mkononi, wafundishe wengine mapema, ungali na nguvu.

Ngano yangu inatua hapa. Ikiwapendeza ni yenu, isipowapendeza nirudishieni mwenyewe.