Bendera ya Jumatatu

Wahenga waliotukataza kuwatukana wakunga hawakuwa wakisema na wajawazito peke yao. Walisema na kila mtu amwonaye mwenzake si kitu, akasahau kwamba haja haipigi hodi. Citlali wa darasa la sita alikuwa mmoja wao.

Katika shule yao huko Zacatlán, kila Jumatatu asubuhi wanafunzi sita hupita uwanjani na bendera, wamevaa glavu nyeupe, na shule nzima husimama kimya mkono kifuani. Vikosi ni viwili, cha kwanza na cha akiba. Juma moja Citlali alichaguliwa kubeba bendera ya kikosi cha kwanza, na bibi yake angeshuka kutoka milimani kuja kumwona. Basi Citlali akaota mapembe.

Alhamisi, kwenye mazoezi, msichana wa safu ya nyuma aitwaye Dalia alikosea kugeuka.

"We Dalia, unatembea kama bata aliyeshiba," Citlali akasema, wenzake wakaangua kicheko. "Mwalimu, huyu atatuaibisha. Akiwemo yeye, mimi simo."

Mwalimu Eréndira akawapanga upya. "Haya. Noemí wa akiba atashika nafasi yake. Dalia, nenda kikosi cha akiba, kuna pengo."

Dalia akaenda. Ijumaa alionekana nyuma ya madarasa akijifunza kugeuka. Citlali akapita karibu yake akilia kama bata.

Jumatatu ikafika. Bibi alikwisha kukaa mbele, kapu la tamali, vile vitumbua vya mahindi vya kufungwa majanini, mapajani, habari zikaja kwamba Noemí ameamka na matubwitubwi, mashavu yamefura. Na watu watano hawapiti na bendera. Citlali akamkimbilia Mwalimu.

"Anayeijua nafasi hiyo ni mmoja tu," Mwalimu akasema. "Nenda kamwombe."

Dalia alikuwa mlangoni pa ofisi pamoja na kikosi cha akiba. Citlali akamshika mkono.

"Dalia, ndugu yangu, nisamehe. Njoo utuokoe. Bibi yangu ametoka mbali."

"Nimekusamehe," Dalia akajibu, na alisema kweli. "Lakini nikija kwenu, hawa watabaki watano. Na hawa ndio walionipokea."

"Leo tu, jamani."

"Nao wana bibi zao, Citlali."

Kikosi cha akiba kikaingia uwanjani na bendera. Penye kona Dalia aligeuka sawasawa, hata Mwalimu akatabasamu. Citlali alisimama mstarini na wengine, mkono kifuani, glavu zimo mfukoni, machozi yakimtiririka.

Sherehe ilipokwisha, bibi alimjia akipangusa miwani.

"Mjukuu wangu, macho yangu haya yamechoka. Yule aliyegeuka vizuri pale nyuma, ndiye wewe?"

"Hapana, bibi. Yule ni Dalia."

Hakika, usitukane wakunga na uzazi ungalipo.