Spika Saba za Bwana Rwezaura

Hebu niambie, wewe uliyeshika simu hapo: ukipewa sebule kubwa na hela ya kuchezea, utafunga spika tano au saba? Usikimbilie kujibu. Kuna mwenzako alikimbilia, na mpaka leo anajuta.

Alikuwepo Bukoba mkurugenzi mmoja mstaafu, jina lake Rwezaura. Ofisini alisifika kwa jambo moja: kila lalamiko alilitibu kwa kununua kitu. Wananchi wakisema huduma mbovu, ananunua viti vipya vya kusubiria. Wakisema bado, ananunua vyenye mito. Full stop, kesi imefungwa.

Alipostaafu akajifungia homu thieta. Televisheni pana kama mlango wa gereji, spika mbili mbele, mbili nyuma ya makochi, moja ndefu katikati chini ya televisheni, na sabufa ya kutetemesha vikombe kabatini. Fundi wake, kijana mcheshi aitwaye Sospeter, alimweleza kwamba ile ya katikati ndiyo inabeba maneno ya waigizaji. Muziki, mvua na magari hupitia zile nyingine.

Mkewe, Mama Alinda, aliangalia filamu ya kwanza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Baba Alinda, maneno siyasikii vizuri."

Kwa Rwezaura hiyo ilikuwa tenda mpya. Kesho yake Sospeter alikuwa sebuleni na rimoti mkononi. Wakajaribu modi za sauti moja moja: ya stereo, spika mbili za mbele tu zikaongea. Wakajaribu ya uwanja, waigizaji wakasikika kama wanahubiri ndani ya pipa. Ya sinema ilimkosha Rwezaura mwenyewe, maana helikopta ilipita juu ya kichwa chake ikapotelea upande wa jikoni. Kila modi alimkalisha mkewe kwenye kochi la katikati, akamuuliza, sasa je? Naye kila mara akatikisa kichwa.

Basi zikaongezwa spika mbili za pembeni, zikawa saba. Kochi likasogezwa. Likanunuliwa pazia zito ili sauti isigonge ukuta na kurudi. Kwenye grupu la wastaafu Rwezaura akawa profesa: je, bora tano zilizopangwa kwa akili au saba za kubabaisha? Seriously, wazee wazima walibishana mpaka wakataka kununiana. Sospeter alimtania kwamba kwa mwendo huu watafunga spika mpaka chooni. Rwezaura hakucheka. Aliuliza kama inawezekana.

Mama Alinda alirudia maneno yake, akarudia tena. Siku moja akaongeza kwamba sikio la kushoto linauma na linatoa maji. Mumewe, macho kwenye skrini, alimjibu aweke pamba, halafu ahamie kiti cha upande wa kulia, huko spika ina nguvu zaidi.

Ikafika jioni wakaijaribu modi ya mazungumzo, ile inayoinua maneno na kushusha muziki. Rwezaura alikuwa amelowa jasho, waya umemning'inia shingoni kama tai. Mama Alinda akamtazama kwa muda, akasema, "Sasa safi. Nasikia kila neno."

Mzee alifurahi kama mtoto. Picha zikarushwa kwenye grupu, pongezi zikamiminika. Modi ya mazungumzo, spika saba, mjadala umefungwa.

Jumapili ya Pasaka akaita majirani waje waone maajabu. Binti yao Alinda naye alikuja kutoka Mwanza. Asubuhi hiyo walikuwa wametandika zulia jipya, na katika kulivuta wakachomoa waya wa spika ya katikati bila kujua. Filamu ikaanza. Mvua ikanyesha vizuri kabisa, muziki ukalia, lakini waigizaji wakawa wanafungua midomo tu bila sauti kutoka. Jirani mmoja akasema mkurugenzi amewaletea filamu ya mabubu. Watu wakacheka, na Rwezaura akaanza kuminya rimoti kwa hasira.

Hapo Mama Alinda akawageukia wageni, amejaa tabasamu la fahari. "Si mnaona? Baba Alinda amehangaika sana, lakini sasa maneno yote yanafika."

Kicheko kikakatika.

Alinda alikuwa nyuma ya kochi. Akaita, "Mama." Mama hakugeuka. Akaita tena, kwa sauti ya kawaida ya mtoto kumwita mama yake ndani ya nyumba. Mama macho kwenye skrini. Akazunguka, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, huyo mwanamume amesema nini?"

Mama Alinda akatazama skrini, akamtazama mumewe. "Amesema... mvua imezidi."

"Hajasikika akisema kitu, Mama. Spika ya maneno imezima."

Rwezaura aliweka rimoti chini. Alitaka kujua kwa nini basi mkewe alisema anasikia. Ilibidi arudie swali, mkewe akimtazama mdomo.

"Ulikuwa umechoka, waitu, mwenzangu," akamjibu. "Nilikuambia siwasikii watu. Ukamwita fundi."

Walimpeleka hospitali. Daktari wa masikio hakuwa na maneno mengi. Sikio la kushoto lilikuwa limeoza ndani kwa muda mrefu. Lingetibika kama wangekuja lilipoanza kutoa maji. Sasa halirudi. La kulia nalo limechoka, atawekewa kifaa, atasikia kidogo. Rwezaura akauliza kama kuna kifaa bora zaidi, cha ghali zaidi. Daktari akasema kilichokuwa bora ni kuwahi.

Siku moja baada ya hapo Rwezaura alimkuta mkewe jikoni anamenya ndizi, amempa mgongo, kifaa amekivua kimelala dirishani. Akasimama mlangoni, akasema yote: kwamba amekosa, kwamba alikuwa anasikiliza spika badala ya kumsikiliza yeye, kwamba amsamehe. Alisema vizuri sana, kama mtu aliyejiandaa.

Mama Alinda aliendelea kumenya. Hakuwa amesikia hata neno moja.

Ilimpasa Rwezaura azunguke, amtazame usoni, aanze upya. Alipofika mbele yake na kuyaona yale macho, mdomo ukafunguka, sauti haikutoka.

Funzo: Mtu akikuambia hasikii, usikimbilie mitambo yako, muulize anaumwa wapi. Na nyie wakubwa wetu, hili ni lenu. Vijana tumesema hatuna kazi, mkatukodia ukumbi. Tumesema tena, mkatuletea kongamano lenye spika kubwa zaidi na mshereheshaji wa kutuuliza kama tunamsikia huko nyuma. Tunamsikia sana. Zimeni hiyo mitambo, shukeni jukwaani, mtujibu tukiwatazama machoni: kazi ziko wapi?