Kiboko na Ukuta wa Nyuma

Paukwa!

Pakawa!

Simu ziko wapi?

Tumezima!

Uongo. Hiyo ya pale nyuma inawaka. Haya, hadithi?

Hadithi njoo!

Ije polepole, nami nimechoka.

Hapo zamani, lakini mtandao ulikuwa umeshafika, wanyama wote walicheza mchezo mmoja wa simu. Ulikuwa mchezo wa kujenga mji. Unapewa kiwanja, unajenga nyumba, unapanda mchicha, unamtembelea jirani, mnazungumza. Basi, hayo tu.

Kiboko naye alicheza, lakini hakujenga. Alikuwa na nyundo kubwa kuliko zote, akizunguka nayo mjini. Akiona ukuta, anapiga. Di! Di! Pwaa! Ukuta chini. Mwenyewe analia, "Uwii! Nyumba yangu!" Kiboko anacheka, "Ho ho ho!" Hachukui tofali, hachukui mchicha. Alikuwa na njaa ya kusikia watu wakilia, na njaa hiyo haikuisha.

Wanyama wakamshtaki kwa wenye mchezo. Wakajibiwa, "Maoni yenu ni muhimu kwetu." Wakashukuru. Kiboko akaendelea.

Sasa palikuwa na Pelele, yule mnyama mdogo wa majabalini, asiye na mkia. Binti yake, Mashavu, alikuwa ameolewa mbali. Kule ukweni, mwali anayempigia mama yake simu kila siku huambiwa hajakua. Lakini mchezo haukukatazwa, maana hata mama mkwe alikuwa anacheza. Basi mama na binti walikutana mchezoni kila jioni. Kiwanja cha Mashavu kilikuwa ng'ambo ya mlima, na sauti za mchezo ule hazivuki mlima. Ilibidi Pelele auzunguke mlima kwa kupita darajani, juu ya korongo.

Kiboko akaliona daraja. Di! Di! Pwaa!

Pelele akajenga jingine. Di! Di! Pwaa!

Akajenga tena. Kiboko alikuwa amekaa pembeni, anamsubiri amalize.

Na siku ile ya mwisho walipoonana, Mashavu alikuwa amesema, "Mama, nina jambo la kukwambia." Hakuwahi kulisema, daraja likaanguka. Pelele akakosa raha kabisa.

Basi akajenga kibanda cha mabua, kimeegemea mlima. Kisha akatangaza, mji mzima ukasikia:

"Jamani, vunjeni mtakacho. Ila ukuta wangu wa nyuma, nawaomba. Ule ndio roho yangu."

Ukuta wa nyuma ulikuwa ni mlima wenyewe.

Kiboko akaja mbio. Di! Di! Pwaa! Jiwe likamomonyoka.

"Uwii! Ukuta wangu!" akalia Pelele. "Afadhali hajaugundua ule wa nyuma yake!"

Kiboko akasimama. "Kuna mwingine?"

"Nani kasema? Mimi sijasema."

Di! Di! Pwaa!

"Uwii! Afadhali hajaugundua ule wa nyuma yake!"

"Kumbe kuna mwingine tena!"

"Mdomo wangu huu utaniponza."

Di! Di! Pwaa!

Wakaenda hivyo. Kiboko anapiga, Pelele analia. Kiboko anapiga, Pelele analia. Kule nyumbani, mume wa Pelele akaingia mbio kutoka nje, akamkuta kashika simu. "Mama Mashavu, kulikoni? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Niko kazini. Niletee chai ya tangawizi, sauti inakauka."

Kiboko jasho lilimtoka, lakini raha kama ile hakuwahi kuipata. Akapiga pigo moja la nguvu zake zote. Di! Pwaa! Mwanga ukaingia. Ng'ambo ya pili, Mashavu alikuwa amekaa barazani kwake, anachambua mchicha.

"Mama?"

"Mwanangu!"

Mashavu alikuwa binti mwenye adabu. Kabla ya lolote akamgeukia yule mzee mwenye nyundo, vumbi mpaka masikioni. "Shikamoo, baba. Pole na kazi."

"Marahaba," akajibu Kiboko, maana hata mharibifu amelelewa. Kisha akashtuka. "Kazi gani? Mimi sifanyi kazi! Mimi naharibu!"

"Basi pole na kuharibu."

Mashavu akamnong'oneza mama yake lile jambo. Pelele akapiga vigelegele, "Nitaitwa bibi! Mimi, bibi!" Wanyama wakaja kuona kuna nini. Digidigi akapita kwenye tundu. "Pole na kazi, mzee." Nungunungu akapita. "Pole na kazi, mzee." Simu ya Kiboko ikalia, ting! Maandishi yakatokea angani: MJENZI BORA WA MJI NI KIBOKO.

Kiboko akapandwa na hasira. Akaligeukia tundu ili alivunje. Di! Di! Pwaa! Tundu likapanuka. Di! Di! Pwaa! Likapanuka zaidi. Tembo, ambaye hakuwahi kufika ng'ambo tangu aanze kucheza, akapita bila kugusa ukuta.

"Pole na kazi, mzee," akasema Tembo.

"Asante," akasema Kiboko, akaanza kulia.

Fundisho, watoto wazuri: msijenge. Kujenga kunachosha na hakuna anayekupa pole. Tafuteni nyundo, vunjeni vya wenzenu kwa bidii na uaminifu, nanyi mtaheshimiwa mji mzima.

Hadithi imekomea hapo. Ikiwa nzuri, bebeni mwende nayo. Ikiwa mbaya, iacheni mlangoni, nitaifagia asubuhi.