Jezi ya Kumi na Saba

Anayetaka hadithi yenye mwisho akaombe kwa mwingine. Hii imenishinda, nami nawatupia nyinyi mnaojiona na akili.

Katika Vifaru, timu ya raga ya wachezaji kumi na watatu ya kule Kakamega, walikuwako marafiki wanne. Khaemba alijaliwa mbio, Lusweti subira, Osundwa pumzi, na Mukhwana ulimi wa kuchokoza hata maiti.

Siku moja ya mvua Khaemba aliangushwa kichwa chini, akabaki hapo hajitikisi. Mashabiki wakamiminika uwanjani, huyu na maji, yule anataka kumwinua aketi. Lusweti akalala kifudifudi kwenye tope, akakishika kichwa cha rafiki yake kwa viganja viwili, akamkataza kila mtu asimguse. Siafu walimtafuna hadi kwenye kope, naye hakujikuna. Daktari alisema baadaye kwamba shingo ile ingegeuzwa kidogo tu, tungezika.

Lakini daktari huyo alifikaje? Gari la wagonjwa lilikuwa limekwama njiani na simu hazikushika. Osundwa alikimbia maili tano na njumu zake miguuni hadi hospitali, akarudi naye kwa bodaboda. Angechelewa nusu saa, pumzi ya mgonjwa ingekatika.

Mwili ukapona, ila kucheza tena akakatazwa, na moyo ukagoma. Miezi saba Khaemba aliugeukia ukuta, hali chakula ila kwa kulazimishwa, hanywi dawa. Kila siku Mukhwana alikuja, akaketi, akamsimulia mechi huku akizivuruga makusudi, mpaka siku moja mgonjwa akashindwa kuvumilia, akageuka.

"Mpumbavu wewe, hapo mpira unakwenda kushoto."

Siku hiyo akala uji, na ukocha wake ukaanzia kitandani hapo.

Sasa kocha Khaemba amewafikisha Vifaru fainali, ya kwanza tangu timu iundwe. Orodha ni ya watu kumi na saba: kumi na watatu wa uwanjani, wanne wa akiba. Kumi na sita ameshawaandika. Rafiki zake watatu uwezo wao ni mmoja, wote wanastaafu baada ya mechi hii, na nafasi iliyobaki ni moja.

Lusweti alikuja akamsalimu, akasimama, akaondoka. Osundwa alitaja tu kwamba mama yake amesafiri kuja kumtazama. Mukhwana hakumung'unya maneno.

"Usinipe kwa huruma, kocha. Ila ukimpa mwenzangu, niambie alikuzidishia nini kuliko mimi."

Khaemba alimwambia mkewe, Nekesa, kwamba heri wangemwacha kwenye tope lile. Nekesa akamshauri basi aache pengo. Ofisa wa mashindano akakataa: orodha yenye pengo haipokelewi, timu nzima itarudi nyumbani.

Mimi kichwani mwangu nimempa kila mmoja jezi hiyo ya kumi na saba kwa zamu, na kila mara nimewaonea haya wawili waliobaki. Ofisa amenyoosha mkono. Mlangoni wamesimama watatu, wote wameshafunga viatu. Haya, kalamu shikeni nyinyi. Mtaandika jina la nani, na wale wawili mtawaambia nini?